Nilikuwa Macho

Jumanne, 4 Machi 2025
Nimelazwa. Operesheni Alhamisi. Wanatoa uvimbe tu, kizazi kinabaki. Dokta Anselmo katuonesha miwani yake mpya. Anasema bingwa aliyeko Dar, profesa, ataona kila anachoona yeye, na atamchorea mistari pa kukata, itokee humo humo kwenye kioo. Mume wangu Maduhu kafurahi kama kainunua yeye! Mimi nimeuliza moja tu: nitazaa tena? Dokta akacheka — ndiyo kazi ya bingwa hiyo, mama. Haya. Binti yangu Hana ana miaka minane, na mama mkwe kule Mwamkulu bado anangoja mvulana.

Ijumaa, 7 Machi
Nimelala chali, siwezi kukaa. Naandika hivyo hivyo.

Walinichoma sindano ya mgongo. Miguu ikafa, masikio mazima. Pazia la kijani mbele yangu. Dokta anaongea, lakini si na mimi. "Ndiyo, Profesa. Mstari nauona. Damu haikomi." Anasikiliza. Halafu: "Chote? Sawa. Tunatoa chote."

Chote nini?!

Niliuliza. Kwa sauti. Nikarudia. Nesi Fausta akanishika bega, tulia mama, wanakuokoa. Dokta akageuka mara moja. Nikaona taa za dari kwenye vioo vyake, macho sikuyaona. Akainama tena.

Mtu wa Dar kaulizwa. Mimi niliyelala pale, hapana.

Jumatatu, 10 Machi
Dokta kapita raundi, bila miwani. Anasema ningefia mezani. Namwamini, hilo ndilo linaniuma zaidi. Nikamwambia, si ungeniambia basi, nilikuwa macho. Anasema mtandao ulikuwa unakatakata, aliogopa kumpoteza Profesa.

Kumpoteza Profesa!

Alhamisi, 13 Machi
Nyumbani. Maduhu anasema mama yake asijue kwanza. Kwanza mpaka lini? Analala kanipa mgongo.

Jumamosi, 5 Aprili
Wageni sebuleni. Dokta Anselmo, na bwana mmoja wa mradi wa hiyo miwani, ana kamera. Wanataka nikasimame kwenye hafla yao, eti mgonjwa wa kwanza. Niseme nini huko — asanteni? Maduhu kaniambia nikabadilishe nguo. Nimeingia chumbani, nimekaa kitandani, sibadilishi kitu.

Mama mkwe naye yupo, kaja jana kutujulia hali. Nawasikia wote. Bwana wa mradi anamweleza taratibu, kwa adabu, kama anampa habari njema: ilibidi tutoe kizazi chote, mama, lakini mkweo mzima.

Mama mkwe kauliza: kizazi cha nani?

Dokta yupo pale pale na hasemi! Maduhu anakohoa. Sasa ananiita — Mama Hana! Mama Hana! Siitiki. Kiti kimesogezwa. Si hatua za Maduhu hizi. Za mama yake. Zinakuja huku, na mlango sijafunga