Sarafu Aliyoitema Polikseni

Kijiji cha Asprohori,
Larisa, Ugiriki.
9 Oktoba 1991

Mpendwa shemeji yangu Evanthia,

Pokea salamu zangu, wewe na nyumba yako yote huko Toronto. Kifua chako kinaendeleaje? Uliandika kwamba daktari amekukataza chumvi. Mimi daktari wa kunikataza chumvi hajazaliwa. Na goti la mumeo Pavlos je, limekubali kukunjika? Mwambie alisugue kwa pombe kali ya zabibu asubuhi na jioni, na inayobaki anywe.

Mimi ni mzima. Nina miaka sabini na minane na meno matano, na bado natafuna nyama ya kondoo hadi vijana wananitazama. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, ingawa shule niliiona miaka miwili tu. Mwalimu alijitolea kuniandikia nikamkatalia. Utaona kwa nini.

Pamba imetoka vizuri. Yangu ndiyo nyeupe kuliko zote upande huu wa mto, uliza yeyote.

Sasa nakuja kwenye lile uliloniomba, nikuandikie mifupa ya dada yako, Polikseni wangu, ikishatoka. Tulimfukua Jumamosi ya tarehe 28 Septemba, miaka mitano kamili tangu mazishi, kama ilivyo desturi yetu. Ningependa kukuambia ilitoka ya manjano kama nta, kama ya mama yenu. Haikutoka hivyo, Evanthia. Ilitoka myeusi. Zoitsa, yule anayeosha maiti na mifupa ya kijiji kizima, aliiosha kwa divai mara moja, akaiosha mara ya pili, na ikabaki vilevile. Wanawake waliokuja kulia wakanyamaza. Unajua wenyewe hapa wanavyosema, kwamba mifupa ikitoka hivyo mwenyewe hajatulia.

Na ile sarafu tunayomtia maiti mdomoni kabla ya kumzika haikuwepo. Zoitsa aliitafuta kwenye taya, shingoni, katikati ya mbavu. Akaikuta miguuni.

"Fuko ameisukuma," padri akasema.

"Fuko gani huyo, baba, anayepita ndani ya jeneza na njia anaijua?" Zoitsa akamjibu. "Huyu ameitema." Kisha akanigeukia mimi. "Mzee Steryos, ulimpa alichokuomba?"

"Nilimpa," nikasema. Nilisema hivyo mbele ya mifupa yake, kofia mkononi.

Sasa soma polepole. Unalikumbuka kopo langu la halua, lenye sarafu za watu wa kale zilizokuwa zikifuata plau langu? Zilifika arobaini na tatu. Hakuna mtu katika bonde hili aliyewahi kuwa na nyingi hivyo. Na unamkumbuka Msichana, ile ya fedha, yenye uso wa binti aliyeachia nywele na farasi anayekula majani upande wa pili. Miaka arobaini nimesimulia mkahawani jinsi nilivyomwona aking'aa kwenye mfereji, nikamsimamisha nyumbu, nikapiga magoti. Hata wewe nilikusimulia siku ya harusi yako.

Si mimi niliyemwokota. Ni dada yako. Ilikuwa mwaka ule tuliooana, anapalilia pamba, mimi nimelala chini ya mkokoteni. Alimtemea mate, akamfuta kwenye aproni, akaja kuniamsha kwa mguu. "Amka, mvivu we. Tazama, huyu ana nywele zangu." Na kweli alikuwa nazo. Jioni ile ile nikaenda kujisifu, yeye akasikia, akaniacha nijisifu. Wageni wakija nyumbani nikianza hadithi, yeye akiwa jikoni alikuwa akisema tu, "Haya, mkokoteni, endelea." Wageni hawakuelewa. Mimi nilielewa, na niliendelea.

Alipokuwa anakufa alinishika mkono. "Mdomoni usinitie senti ya serikali. Nitie Msichana wangu." Nikamwambia ndiyo. Asubuhi ya mazishi nilifungua kopo, na mkono wangu ukakataa. Nikachukua ya shaba, ile iliyolika mpaka haina uso wala maandishi, nikaisokota ndani ya kitambaa nikampa Zoitsa. Nilijiambia ardhi haina macho.

Tangu tumfukue nimekuwa namsikia. Si usiku, usiku nalala kama gogo. Ni adhuhuri, jua likiwa kichwani na kijiji kizima kimefunga madirisha. Nikiwa mezani nasikia nyuma yangu mtu anatema mate, kidogo tu, kama unavyotemea kitu unachotaka kukisafisha. Kisha kitambaa kinasugua. Nikigeuka, hakuna mtu. Siku saba, Evanthia. Mimi niliyelala peke yangu milimani na mbwa mwitu, sasa nilikuwa nakula mkate nimesimama, mgongo ukutani.

Na wiki hiyo hiyo makumbusho ya mjini wakaleta habari. Kwa sheria vitu hivi ni vya serikali, unajua, na mtu alinichongea. Lakini binti waliyemtuma, Artemisia, alikuwa na adabu. Alisema nikizitoa mwenyewe hakuna atakayenisumbua, na zaidi ya hapo, nichague moja ninayoipenda kuliko zote. Hiyo itawekwa mbele, peke yake ndani ya kioo, na chini yake jina langu: iliokotwa na Steryos wa Asprohori. Angerudi Jumanne kusikia nimechagua ipi.

Sitakuficha, nililitaka jina lile. Nilikaa na kopo magotini, nikalisoma jina kichwani kama limeshaandikwa. Ipi ya kuchagua? Kuna ya dhahabu ndogo kama dengu, kuna yenye fahali, lakini zote ukiziweka kando ya Msichana zinakuwa vifungo vya shati. Nikamtia chini kabisa ya kopo ili nifikirie vizuri. Nilipofungua tena alikuwa juu, ananitazama. Huenda nilitikisa kopo. Siwezi kukuapia kwamba sikutikisa.

Hapo nyuma yangu mate yakatemwa.

Jumapili baada ya ibada nikamfuata Zoitsa kwenye nyumba inamowekwa mifupa iliyofukuliwa, nikamwambia yote, mlango wazi, nimesimama.

"Mbwa we," akasema. "Mbwa mzee we. Na mimi ndiye niliyemtia mdomoni takataka yako." Lakini akafungua sanduku la dada yako. Polikseni yuko juu, fuvu lake dogo, sikumbuki alikuwa na kichwa kidogo vile. Nikamtia Msichana katikati ya meno kwa mkono wangu. Zoitsa akaiosha mifupa kwa divai mara ya tatu. Ungetaka nikuandikie kwamba ilibadilika rangi. Sikuona. Nimekudanganya vya kutosha.

Jana Artemisia alikuja, akatandika kitambaa mezani, akapanga sarafu kwa mistari. "Haya, mzee wangu, kipenzi chako ni kipi?"

Nikatoa ya shaba mfukoni, ile ya miguuni, nikaiweka mbele yake.

Akaigeuza mara mbili. "Mzee, hii haina kitu. Watu watapita bila kusimama."

"Basi hiyo si yenu," nikamwambia, nikairudisha mfukoni. "Chagua mwenyewe katika hizi. Ila jina andika la Polikseni. Mimi nilikuwa nimelala."

Hakuelewa, lakini aliandika. Yule binti ana adabu. Baadaye nikapita mkahawani nikawaambia wote kuhusu mkokoteni. Walicheka, hawakuniamini hata mmoja. Wakasema, "Mzee Steryos kichwa kimeanza kumpungua," wakanitaka nisimulie ile ya kweli, ya mfereji na nyumbu. Nikaondoka na kahawa yangu haijaisha.

Leo adhuhuri nilikaa mezani makusudi, mgongo kwa jikoni. Nikangoja mpaka jua likateremka. Hakutema, hakusugua. Nyumba ilikuwa kimya kama siku tuliyomtoa kwenda kumzika. Nilidhani nitashukuru.

Nina ombi moja kwako, wewe uliye damu yake. Nikifa, mpwa wangu Lefteris atataka kunitia kitu cha kung'aa ili kijiji kione. Mwandikie padri. Mwambie mimi nipewe ile ya shaba, isiyo na uso. Itakuwa kwenye mfuko wa koti langu la Jumapili. Imekaa naye miaka mitano, na huko niendako sitaki anione na nyingine. Kama hunisamehe, usiniandikie mimi, lakini padri mwandikie.

Nisalimie Pavlos na goti lake, na binti yenu Fotini na watoto wake, na yule mdogo mwambie babu yake wa Asprohori bado ana nguvu. Mungu awape mkate, na majira ya baridi yasiyo marefu.

Ni mimi shemeji yako akupendaye, hata kama leo hunipendi,

Steryos