Kengele Tuliyoisikia Wanne

Wodi ya Upasuaji, Wanawake,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo huko kwa binti yako? Goti limepata nafuu, au bado unapanda ngazi kwa kusimamasimama? Sisi huku tu wazima. Baba kaka yako ameanza kuvaa miwani, na bado anasema maandishi ya siku hizi ndiyo madogo.

Uliuliza habari za kazi, nami nikakuandikia mistari miwili ya uongo. Ukweli ni kwamba wodi yetu ilikuwa na wagonjwa thelathini na wauguzi watano, na kati ya hao watano, watatu kazi yao ilikuwa chai. Mkubwa wao tunamwita Redio, maana hazimwi. Anajua ndoa ya kila mtu ilipovunjikia, ila hajui mgonjwa wa kitanda cha nane ana mzio wa dawa gani. Wale wawili wengine walikuwepo kumchekea tu. Hata akipiga chafya walicheka.

Huyo wa tano tuliletewa mwezi wa tatu, muuguzi mpya, binti mpole anayeandika kwa mkono wa kushoto. Kabla hajapata pa kuweka mkoba, Redio alishambandika jina: Shoto. Wakamwachia vidonda vyote vya kufunga, wodi nzima, na akichelewa wanamsema kwa sauti ya kusikika. Watu wazima, Shangazi, wenye vyeti ukutani! Nilikuwa nawadharau, huku nimekaa nao meza moja.

Siku moja Shoto alikuwa nyuma ya pazia anasafisha kidonda kilichooza. Kengele ikalia. Ni bibi mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, alitaka kwenda msalani. Sisi wanne tulikuwa chumba cha chai, hatua kumi tu kutoka kitandani kwake.

"Mwacheni Shoto aende," Redio akasema. "Si anajifanya hodari?"

Wale wawili wakacheka. Mimi sikucheka, lakini kikombe sikukiweka chini. Kengele ikalia tena, ikanyamaza, halafu tukasikia kishindo.

Bibi alianguka kifudifudi, nyonga ikateguka. Alirudishwa chumba cha upasuaji siku hiyohiyo. Na Redio, ambaye kuandika ripoti kwake ni kama adhabu, aliandika kurasa mbili: eti Shoto aliiacha wodi bila kuaga.

Kesho yake matroni akatuita sote. Shoto alikuwa ameshika barua ya kuacha kazi, imekunjwa mara nne. Redio alisoma kurasa zake kwa huzuni ya kujipaka. Nikaona nikinyamaza tena sitafaa kitu.

"Kengele tuliisikia wanne," nikasema. "Tulikuwa tunakunywa chai. Mimi ni mmoja wao."

Ningependa kukwambia Shoto alinishukuru. Kwenye korido aliniuliza, "Sasa kwa nini hukuinuka?" Kisha akarudi wodini kufunga vidonda.

Nimepewa barua ya onyo, nimeistahili. Redio amepelekwa stoo ya mashuka, anayasimulia mashuka. Bibi amepona, anatembelea gongo, na ameniambia usoni kwamba wauguzi wa siku hizi ni hasara.

Shoto hakuitoa ile barua yake ya kuacha kazi. Siku ya tatu alinikuta nikihangaika kumnyanyua mgonjwa peke yangu, akashika upande wa pili. Tangu hapo ndiyo sheria yetu: anayemaliza upande wake hakai, anaenda kwa mwenzake.

Wale wachekaji wawili bado wananiita msaliti. Juzi mmoja wao akaja, mkono kiunoni, macho sakafuni. "Nina wagonjwa wawili wa kugeuza na mgongo umekaza. Mtanisaidia?" Nilikuwa na jibu lake, Shangazi, tena kali, nililitunza wiki nzima. Nilipofungua mdomo, Shoto alikuwa keshavaa glavu na kushika shuka upande wake. Nikashika upande wangu. Nilimdharau yule mama tangu mgonjwa wa kwanza mpaka wa pili, na wote wawili wakageuzwa salama.

Nisalimie binamu na mumewe, na mjukuu wako mtundu mbusu kwa nguvu. Mama na wadogo zangu wanakuamkia. Mungu akulinde, akupe usingizi mzuri na goti lisilolalamika.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye bila kupunguza.