Jina Lako Ubavuni mwa Boti

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ulikuwa huningoji nimalize neno hili. Kila Ijumaa simu ikishikwa tu, unaitika marahaba nami bado niko kwenye "shika". Leo nimelimaliza lote peke yangu, na hakuna aliyeitika. Basi niseme lile linalonikaa kooni: nilikudanganya, mama. Na si kwa simu tu. Nilikudanganya uso kwa uso, umesimama mbele ya kitu chenye jina lako.

Unakumbuka siku niliyotaka kukuambia? Kodi ya chumba chetu ilikuwa imepanda tena, na mimi na Zuhura tulikuwa tumepata boti kuukuu ya chuma, ndefu na nyembamba kama korido, iliyotelekezwa kwenye mfereji. Huku watu wengi wanaishi kwenye boti za namna hiyo, walimu kwa manesi, wala hakuna anayewacheka. Nikapiga moyo konde nikakuambia, "Mama, mimi na mkweo tunahamia majini."

Ulipiga kelele mpaka nikaitoa simu sikioni. "Audhubillahi! Majini gani tena, Bakari? Majini ya Kizungu?"

Zuhura alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa rahisi kabisa kusema, hapana mama, maji, maji haya ya kuogea, tutaishi juu yake. Badala yake nikasema, "Kilburn, mama. Nimesema tunahamia Kilburn. Tumepata nyumba." Zuhura akaacha kucheka. Wewe ukashusha pumzi, ukasema alhamdulillahi, na kabla ya magharibi mtaa mzima wa Ngamiani ulikuwa unajua kwamba mtoto wa Mwanaidi amenunua nyumba London.

Nimejiuliza sana kwa nini nilisema vile. Niliwaogopa mashoga zako. Niliwasikia kabisa masikioni mwangu wakisema, kaenda mpaka Ulaya, kaishia kulala kwenye mtumbwi. Mtu mzima wa miaka arobaini na moja, nywele zimeanza kuota mvi, naogopa midomo ya akina mama wanaochambua mchele maili elfu kadhaa kutoka hapa. Naona haya hata kuliandika.

Miezi ile tulifanya kazi bila kupumzika. Nikitoka shuleni ninakotunza majengo, nagonga kutu kwa nyundo mpaka mikono inakufa ganzi. Zuhura, akitoka kwenye kazi yake ya kuwahudumia wazee, alivaa ovaroli yangu na kuingia kichwa mbele chini ya sakafu kutafuta maji yanakopenyea. Tuling'oa mbao zilizooza, tukaweka mpya, tukafunga jiko dogo la kuni. Kila tulipomaliza kitu alisema, "Mtumie mama picha." Nikasema nitamtumia. Sikutuma hata moja. Halafu kuna suala la choo. Choo cha boti kina kopo linalojaa, nawe unalibeba kwa mkono kwenda kulimwaga mbali. Nilikuwa nikifikiria unaniona njiani na kopo lile, natamani ardhi inimeze.

Halafu ukapata viza.

Nikaomba kuazimwa nyumba ya Wanjiru, Mkenya anayefanya kazi na Zuhura, aliyekuwa anakwenda kwao Nakuru kwa mwezi mmoja. "Kaeni tu," alisema, "lakini mkiniharibia maua yangu mtanitambua." Zuhura alinikabidhi funguo bila kunitazama. "Nitanyamaza kwa sababu ni mama yako," aliniambia. "Lakini kumwambia kwa mdomo wangu kwamba hapa ni kwangu, siwezi. Hilo utasema mwenyewe."

Nikasema. Nikakutembeza chumba hadi chumba kama dalali. Tulikuwa tumeficha picha zote za Wanjiru na joho lake la chuo, tukasahau kalenda ya kanisa nyuma ya mlango wa jikoni. Ulizisoma tarehe zote za mwezi ule, kisha ukauliza kama tumebadili dini. Nikasema ya jirani. Ukaomba kijiko. Nikafungua droo ya kwanza, vitambaa. Ya pili, mishumaa. Ya tatu, chaja za simu. Kijiko ulikipata mwenyewe, kimesimama kwenye kikombe mbele ya macho yangu. "Nyumba kubwa hii," ulisema, "mpaka vijiko vinapotea." Nilidhani unanitania tu.

Siku ya nne ulitaka kunyoosha miguu. Tangu ulipouona mfereji kutoka dirishani mwa basi siku ya kwanza, ulikuwa ukiyataka maji. Boti yetu ilikuwa imefungwa mbali kidogo na daraja, nikajipa moyo kwamba magoti yako yatachoka kabla hatujafika. Magoti hayohayo yaliyokuwa yakikuzuia kwenda hata dukani, siku ile yalipata nguvu za ajabu. Kila nikisema turudi, unasema, "Mbele kidogo."

Tukaifikia. Kumbe jana yake Zuhura alikuwa amekwenda pale baada ya shifti yake, na rangi nyeupe na brashi ndogo, bila kuniambia. Alitumaini nikiona alichoandika nitashindwa kuendelea na uongo. Ubavuni mwa boti, kwa herufi kubwa kama za kibao cha duka, aliandika MWANAIDI. Na dirishani alitundika ile kanga uliyomletea wewe mwenyewe, bado ina mikunjo ya sanduku.

Ulisimama. Ulisoma herufi moja moja, kidole kikitembea hewani. "Bakari, hili si jina langu?"

Ulinifungulia mlango wazi kabisa, mama. Nilitakiwa kuingia tu. Nikasema, "Ni jina lako, mama. Huku watu huokota majina popote."

"Na wenyewe unawajua?"

"Siwajui."

Ndivyo nilivyosema. Nilimkana mke wangu na jasho letu lote, mikono yenye malengelenge nimeitia mfukoni. Wewe ukaweka kiganja kwenye chuma kile, ukakiacha hapo kama unayepima homa ya mtoto. "Wamekitengeneza vizuri chombo chao," ulisema. "Mungu awape afya, na usingizi mwema humo ndani." Kisha ukaniambia turudi, magoti yanauma.

Jioni Zuhura alikuuliza, macho yanamng'aa, "Mama, mmefika mferejini?" Ukamjibu, "Tumefika, mwanangu. Maji mazuri." Ukamshika mkono, ukautazama. Kulikuwa na rangi nyeupe kwenye kucha zake. Ukaukunja ule mkono taratibu ukamrudishia. Zuhura hakunisemesha siku mbili.

Uliporudi Tanga, maswali yako ya Ijumaa yakabadilika. Maji hayajajaa huko? Baridi haiwapenyi? Hapo mnapokaa hapatikisiki? Nikadhani ni uzee. "Nyumba ya matofali haitikisiki, mama," nilikujibu mara moja, kwa sauti ya mtu mwenye subira nyingi. Ukaniombea dua, tukaagana. Tuliendelea hivyo mwaka mzima.

Halafu ukaondoka. Nilipofika nyumbani ulikuwa umeshazikwa. Siku ya hitima, mama mdogo Asha akaniita pembeni, akaniuliza kama vile anauliza habari za mtoto, "Chombo chenu hakijambo?"

Nikamuuliza chombo gani. Akasema, "Mama yako alituambia siku ileile aliyorudi. Ana chombo London kina jina lake, alitutambia huyo mpaka tukachoka! Akatukataza tusikuulize. Alisema, mwacheni, ataniambia mwenyewe."

Kumbe wale niliowaogopa walijua siku zote, na hawakunicheka. Nawe ulikuwa unangoja, mama. Kila Ijumaa ulikuwa unanisogezea neno lenyewe mpaka mdomoni, nami nalitema.

Naandika haya nikiwa humu ndani. Jiko linawaka, sakafu haivuji, kanga yako iko dirishani palepale. Zuhura anasema amenisamehe. Kopo la choo sasa nalibeba mchana kweupe, nasalimiana na watu njiani. Aibu ile imekwisha. Hii nyingine ndiyo hainitoki, na sidhani kama nataka initoke.

Juzi nilikuwa naipaka upya herufi D, rangi ilikuwa imebanduka. Bibi mmoja wa Kizungu akapita na mbwa wake, akasimama, akalisoma jina kwa shida, akaniuliza kama namjua mwenyewe. Niliweka brashi chini. Nikamwambia namjua, ni mama yangu, na boti hii ni yetu mimi na mke wangu, tunaishi humu. Alisema ni jina zuri. Alipoona nalia akanigusa bega, akaenda zake.

Yalikuwa maneno machache tu, mama. Nimemwambia mpita njia kabla sijakuambia wewe.

Basi pumzika. Nisamehe ukiweza. Na yale maswali yako, nayajibu leo: maji hayajajaa. Baridi haitupenyi. Panatikisika, mama, lakini kidogo tu.

Mimi mwanao,
nikaaye majini