Nyota za Sikonge Zilivyopotelea Gongoni

Mama Asha wangu,

Pole na malezi. Ulisema hufungashi mzigo kunifuata kijiji cha ujamaa mpaka nikuonyeshe kitu kimoja ambacho huko Dar hakuna. Haya, geuza kadi hii utazame picha niliyokupigia. Unaona weusi mtupu? Zilikuwa nyota.

Wallahi zilikuwa nyota! Huku Sikonge zimejaa kama mchele ungoni. Niliweka kamera juu ya mzinga mkuukuu wa nyuki, nikaiacha wazi hadi nikamaliza kula, filamu ipate kuzinywa vizuri. Kisha nikaendesha baiskeli mpaka Tabora mjini, nikafika mwekundu kwa vumbi kuanzia kope hadi viatu, nikamkabidhi filamu Mzee Salumu, mwenye studio pale Gongoni, anitolee kadi.

Leo kanipokea kwa tabasamu. “Mwalimu, hilo vumbi lako liliingia mpaka kwenye filamu! Mgongo wote unaniuma. Nimeziba doa moja moja kwa brashi na wino mweusi.”

“Mzee, hizo zilikuwa nyota.”

Akaitazama kadi, akanitazama mimi. “Nyota? Sasa mbona hukusimamisha mtu mbele yake?”

Basi mke wangu, ushahidi sina tena. Mchukue Asha mpande treni, mje mzione wenyewe. Fanyeni haraka, maana siku Mzee Salumu akipata ngazi ndefu, na hizi za juu hazitapona.

Wako gizani,
Baba Asha