Usimdai Cheti

Mdogo wangu mpenzi,

Barua njema huanza kwa mwandishi kusema ni mzima, kisha akamwombea msomaji naye awe hivyo hivyo. Nusu ya pili nakuombea kwa moyo wote, wewe, wifi yangu na watoto hapo nyumbani. Nusu ya kwanza tuiache. Daktari ameacha kunikataza chumvi, nawe unajua daktari akishaacha kukataza maana yake ni nini. Mkono wangu huandika mistari michache, ukapumzika, ukaendelea. Ukiona mwandiko umebadilika katikati ya sentensi, usidhani nilikuwa nawaza sana, nilikuwa nimelala.

Barua yako niliipata. Umeandika kwa mizaha yako ileile kwamba kitindamimba wako amekugeuza fundi wa kubomoa. Kwamba wewe mwashi, uliyewajengea watu nusu ya mtaa, sasa umevunja ukuta wa chumba cha binti yako kwa mara ya pili kutafuta bomba analosikia likivuja, na ndani hukuti ila matofali makavu kama biskuti. Wifi anasema mtoto amechoshwa na kazi ya duka la dawa, apewe likizo. Wewe unasema ni mambo ya ujana, akiolewa atasikia kelele nyingine. Mlitaka nicheke. Lakini mwishoni umeongeza, kama jambo la kupita tu, kwamba juzi asubuhi alitoka peke yake, mkamkuta kwenye bwawa la machimbo ameshika viatu mkononi, akawaambia amekwenda kuyafunga maji. Maneno hayo nimeyarudia mpaka karatasi imelegea. Sikucheka, ndugu yangu.

Itanibidi nianze mbali kidogo, univumilie.

Unajua kwamba nilipoacha kufundisha niliajiriwa na idara ya afya ya akili. Nilikuwa mwenyekiti wa jopo lililotoa vyeti kwa wahudumu rika. Mhudumu rika ni mtu aliyewahi kuugua akili yeye mwenyewe, akapata nafuu, akafunzwa kukaa na wenzake walio katikati ya ugonjwa. Hatoi dawa wala hapigi sindano. Anajua njia kwa sababu aliwahi kuipotea. Hospitali za serikali zilipoanza kuwaajiri watu hao, ilitakiwa kwanza wasome kozi, wafanye mazoezi wodini chini ya msimamizi, wafanye mtihani wa kuandika, kisha waje mbele yetu kueleza kwa vinywa vyao yaliyowapata. Kwingine kote ukisema ulilazwa wodi ile unakosa kazi, na mchumba anakumbuka ghafla kwamba ana safari. Kwetu hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya kwanza. Bwana mmoja alituambia kwamba kichaa chake kimekaa kichwani mwake miaka yote bila kulipa kodi, sasa ni zamu yake kuleta chakula nyumbani. Daktari wa jopo letu alicheka mpaka akavua miwani.

Kanuni kubwa ya jopo ilikuwa kwamba mwombaji aeleze ya kwake, asieleze ya mwenzake. Siri ya mgonjwa mwingine si mali yako hata kama mlilala chumba kimoja. Ni kanuni nzuri. Niliiandika mimi.

Basi siku moja akaingia fundi cherehani ambaye watu wote humwita Bi Pindo. Pini zilikuwa zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni lake, alizisahau huko. Ni mwanamke wa maneno mengi, hanyamazi hata akiwa peke yake. Kabla hajakaa alikwisha kumwambia muuguzi mkuu, mjumbe mwenzetu wa jopo, kwamba gauni alilovaa muuguzi huyo limeshonwa na adui yake. Mtihani wa kuandika aliupita kwa kuponea tundu la sindano. Kusema kweli, hakuna aliyemtarajia makubwa.

Daktari akamuuliza angefanya nini kwa mgonjwa anayesikia kitu ambacho yeye hakisikii. Hapo akatulia. Akaeleza kwamba zamani alilazwa chumba kimoja na msichana msomi aliyesikia maji yakitiririka ukutani. Wauguzi wakimwambia hakuna maji, yule msichana alizidi kupiga mayowe. Yeye Bi Pindo, naye akiwa mgonjwa vilevile, alimuuliza tu yanatoka upande gani, akavuta kiti, akakaa upande huo, kati ya kitanda na ukuta, akaendelea kushona. Alituambia si kwamba maji yalikoma, la. Ila sasa yalimkuta mtu njiani.

Nilikuwa nimeshika jagi, najimiminia maji. Glasi ilijaa, ikafurika juu ya kitambaa cha meza, na bado namimina. Bi Pindo akanitazama.

Alipotoka, daktari alikuwa amekwisha kuchukua kalamu ya kumpasisha. Nikampinga. Nikasema mama huyu amevunja kanuni waziwazi, ametoa siri ya mgonjwa mwenzake mbele ya watu asiowajua. Leo kwetu, kesho kwa wateja wake akiwapima mikono. Daktari alibishana nami. Muuguzi mkuu, ambaye gauni lilikuwa bado linamuuma, akaniunga mkono. Bi Pindo akanyimwa cheti, na sahihi iliyo chini ya barua ya kumkatalia ni yangu.

Sasa pumzika kidogo, umwite wifi naye asikie.

Msichana yule alikuwa mimi. Ule mwaka ambao baba aliwaambia nimepelekwa chuo cha mbali, nilikuwa wodini. Zile kadi ulizokuwa ukinichorea, baba aliniletea mwenyewe, amezificha ndani ya koti.

Na kuna lililo kubwa kuliko hilo. Unamkumbuka shangazi yetu, yule wa chumba cha nyuma. Tulifundishwa kusema ni kiziwi. Kiziwi gani, mdogo wangu, anayeshinda ameegemeza sikio ukutani? Wewe ulikuwa ukimwigiza, sisi tukicheka mpaka tunalia. Baba alimfungia kwa kufuli, kwa mapenzi, na siku kufuli iliposahauliwa alikwenda moja kwa moja kisimani. Tukaambiwa aliteleza. Hakuteleza. Maji yale mwanzoni yanakunyima usingizi tu. Baadaye yanakutaka uyafuate. Mimi nami yalinifikisha ukingo wa kisima kilekile, baba akaniwahi kwa kunishika nguo. Akaniapisha nisimwambie mtu yeyote, ili nyinyi wadogo zangu mpate kuoa na kuolewa. Siri hiyo niliitunza vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukabidhiwa, na kwa ajili yake nilimwangusha mtu aliyeniokoa. Nimeitunza mpaka imefika chumbani kwa mwanao.

Nilipopata barua yako nilimtuma muuguzi anayenihudumia aende kumtafuta Bi Pindo. Alikuja na utepe wake wa kupimia shingoni. Nilimwomba radhi. Akanijibu kwamba alijua siku ileile kilichomponza, na tangu hapo amenisema vibaya kwa wateja wake wote, hata wasionijua. Ama kuhusu msamaha, alisema huo si suruali ya kupunguzwa kiuno mwenyewe akingoja kibarazani. Niuache hapo, atautazama akipata nafasi. Nikamsomea barua yako. Alisikiliza huku akiuviringisha utepe wake kidoleni. Kisha akaona namna nilivyoinamisha kichwa juu ya mto, akaniuliza safari hii yanatoka upande gani.

Nikamwambia, upande wa dirisha. Akavuta kiti.

Ndiyo, yamerudi. Kwangu haidhuru, miguu yangu haiwezi tena kunipeleka popote. Miguu ya mwanao inaweza.

Kwa hiyo nisikilize, ewe kichwa kigumu, hata kama ni mara moja tu maishani. Usivunje ukuta tena. Usimfungie mlango kama alivyofungiwa shangazi. Usimwambie hakuna maji, wala usimdanganye kwamba wewe pia unayasikia. Mpelekeni hospitali wiki hii. Dawa zipo, zilinifaa mimi, na hakuna aibu iliyo nzito kuliko jeneza. Na mpaka hapo asitoke peke yake, hata kwenda dukani, hata akiwaambia leo yamenyamaza. Yakinyamaza ndipo mumwangalie zaidi.

Mwanamke aliyekukabidhi barua hii, ambaye sasa hivi amesimama mlangoni kwako na huenda amekwisha kukosoa pazia, ndiye Bi Pindo. Nilimwambia safari ni ndefu kwa umri wake. Akaniuliza kama namshonea yeye nguo au ananishonea yeye. Najua wifi atataka kujua ni nani na ana karatasi gani, na ni haki ya mama yeyote. Usimdai cheti. Kama mtu atadaiwa, nidaini mimi, upesi, kabla sijaondoka. Mpeni kiti. Mwonyesheni chumba. Kisha mwacheni mtoto amwambie ni upande gani.

Mimi nina muuguzi asubuhi na jioni. Kiti cha dirishani nimeomba kisiondolewe, ingawa hakina mtu.

Wifi yangu nampa pole na ninamwomba asinihukumu mbele ya watoto. Wakubwa wasalimie mmoja mmoja. Na kitindamimba usimpe barua hii aisome, mwambie wewe mwenyewe, uso kwa uso: shangazi yako naye anayasikia.

Ni mimi,
dada yako