Nguvu Zote

3 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini magoti yamekupa nafuu na wateja wa picha za pasipoti bado wanakuja. Mimi mwili ni mzima, kichwa ndicho kinaniuma. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatia kabla sijamaliza.

Bosi wa studio hii amenipa kazi moja tu ya kunipima. Tarehe 30 anakuja msichana mruka kamba, nimpige picha akiwa hewani kwa ajili ya tangazo la viatu. Mwenye viatu anataka hata kamba za viatu zihesabike. Ikitoka vizuri naajiriwa. Isipotoka nafungasha.

Wiki nzima nimemrusharusha ninayeishi naye chumba kimoja, najaribu. Nimefuata sheria yako neno kwa neno: kitu kinachokimbia, nguvu zote. Taa mbili mpya za mwako, zote nimezifungulia mpaka mwisho. Uso unatoka safi, lakini miguu na kamba vinatoka vimepakaa kama uji. Nikiifanya shata ifunguke na kufunga haraka zaidi, nusu ya picha inakuwa nyeusi. Nakosea wapi?

Mwanao

11 Machi

Kiroboto wangu,

Marahaba. Mimi sijambo, magoti ni yale yale, siku hizi yanatabiri mvua kuliko redio. Wateja wapo, wawili watatu kwa siku.

Shata iache ilivyo. Chumba kikiwa na giza, anayechora picha ni taa, si shata. Hilo nilikufundisha ukiwa bado unapanda kigoda kuifikia kamera. Na sheria yangu usiiguse! Nina miaka thelathini na moja kwenye studio hii na ushahidi wangu upo ukutani: wewe, una miaka sita, umeruka kutoka mezani, miguu iko hewani na kila unywele unaonekana. Mtoto ambaye hata kumchana nywele ilikuwa vita, nilimpata, na nilimpata kwa nguvu zote. Kwa hiyo ni mkono wako unaotikisika, au una haraka ya kubonyeza. Mchagua jembe si mkulima. Kula vizuri, lala, ujaribu tena.

Mama yako

17 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi sijambo, na salamu zimeishia hapo.

Nilimwambia bosi sheria yako mbele ya wafanyakazi wote. Alicheka mpaka akavua miwani afute machozi. Kisha akabandika kipande cha plasta nyeupe kwenye panga moja la feni, akaiwasha, akatia chumba giza, akaniambia nipige. Kwa nguvu zote, plasta ilitoka imevutika urefu wa kidole. Nikapunguza hadi nusu, hadi robo, hadi sehemu moja ya kumi na sita. Hapo plasta ikatoka na pembe zake nne, utadhani feni imezimwa. Mwako mkubwa unakaa muda mrefu, Mama. Ule mdogo ndio mfupi. Kila mtu pale alilijua hilo isipokuwa mimi niliyelelewa ndani ya studio.

Umenifundisha uongo. Na ile picha ya ukutani nadhani ilikuwa bahati tu.

Sasa nina shida ya pili. Kwa nguvu ndogo hivyo, picha ni giza tupu. Nikiilazimisha kamera ione gizani, picha inajaa chenga kama mchanga. Bosi hataki kunisaidia, anasema huo ndio mtihani wenyewe. Wewe umefanya kazi na taa hafifu maisha yako yote, lazima unajua. Kasirika ukitaka, lakini nijibu. Zimebaki siku kumi na tatu.

Mwanao

26 Machi

Mama,

Shikamoo. Simu yako inaita tu. Barua yangu umeipata? Hata mstari mmoja unanitosha.

Mwanao

2 Aprili

Mama,

Msichana alikuja, akaruka mpaka soksi zikalowa jasho. Kamba za viatu zilihesabika, ila kwa tochi, picha zilivyokuwa giza. Nikaingiwa na hofu, nikapandisha nguvu hadi nusu, miguu ikarudi kuwa uji. Mwenye viatu alitazama mara moja, akamuuliza bosi kama hana mtu mwingine.

Alikuwa naye. Unajua alichofanya huyo mwingine? Alizisogeza taa zile zile karibu na msichana, hatua mbili, basi. Kwetu miguu ya taa imesimama kwenye alama za rangi sakafuni tangu nipate akili. Haikunijia hata kidogo kwamba taa husogezwa. Nilitamani sakafu inimeze.

Kazi imekwenda. Nimepata kibarua kwenye duka la kutoa kopi. Sikulaumu kwa taa wala kwa sheria yako. Nakulaumu kwa kuninyamazia.

Mwanao

22 Aprili

Mwanangu,

Sijui nianze na salamu gani. Mwili haujambo, mengine hayapo sawa.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine. Itazame tarehe. Niliiandika siku ile ile niliyoipata yako, nikaifunga, nikabandika stempu. Kisha nikasoma tena pale uliposema uongo, na pale uliposema bahati. Nikaitia kwenye droo ya karatasi za picha. Nikasema, mwache akae kidogo, ajue mama yake ni nani. Simu ilipoita nilikuwa nimekaa naitazama. Hasira hasara, na hasara nimekutia wewe.

Wiki iliyopita nilibandika plasta kwenye feni yangu. Nguvu zote: pembe nne, safi kabisa. Nguvu ndogo: imevutika. Nilirudia mara sita nikidhani nimeanza kuzeeka akili. Nikamwita fundi umeme, akafungua taa moja, akanieleza. Hizi zangu za zamani ukizipunguza nguvu, mwanga unatoka kwa uvivu na unachelewa kuisha. Hizo zenu mpya zinaukata mwanga katikati, kama mtu anayefunga bomba. Kwa hiyo wewe ni mkweli na mimi si mwongo. Najua hilo halikurudishii kazi.

Picha yako nimeishusha ukutani. Siwezi kuitazama.

Nisamehe.

Mama yako

21 Machi

Wewe Kiroboto mwenye mdomo,

Sogeza taa! Ukipunguza umbali kwa nusu, mwanga unaomfika mtu unakuwa mara nne. Nakujua, utaogopa kuzigusa kwa sababu ya zile alama zangu za sakafuni. Zile nilizichora ili wewe usizigonge taa ukikimbia, hazina maana nyingine. Kuhusu uongo tutagombana baadaye. Kwanza shinda.

Mama

5 Mei

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na bado nina hasira. Ile barua ndogo nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Kwanza shinda. Siku tisa kabla, Mama! Ingenifikia. Siwezi kukudanganya kwamba yamekwisha.

Lakini neno la bahati nalifuta. Lilikuuma kwa sababu nililiandika likuume.

Nakuja tarehe 17. Picha irudishe ukutani. Halafu itoe ile meza. Safari hii anayeruka ni wewe, mimi nashika kamera. Hata ukiruka kimo cha kandambili inatosha. Taa ni zako, kwa hiyo nguvu zote. Ila nitazisogeza.

Mwanao

9 Mei

Kiroboto,

Marahaba. Picha ipo ukutani. Meza nimeipangusa, na mguu wake uliolegea nimeuzungushia plasta iliyobaki nilipojaribu feni. Alama za sakafuni nimezikwangua zote kwa kisu, imenichukua asubuhi nzima nikiwa nimepiga magoti. Kwa hiyo magoti usiyaulize. Nitaruka.

Mama yako