Mgodi Usio na Mkaguzi

Kambi ya Mgodi,
Nyamigogo, Biharamulo.

Mama Devota, mke wangu,

Kabla ya lolote, nataka kujua mmeamkaje hapo nyumbani. Mgongo wa mama umepata nafuu? Mpe shikamoo yangu, umwambie mwanawe ni mzima, bado anaweza kushika kalamu. Devota na mdogo wake wanakwenda shule? Na wewe, kwa hali uliyo nayo, usibebe maji peke yako kutoka bondeni. Mwombe wifi yako. Huku mvua imechelewa, na barabara yote ni vumbi la malori ya jeshi yanayokwenda mpakani.

Barua yako niliipata kwa mkono wa katekista. Unasema umechoka kuishi kama mjane ilhali mume yupo, na kwamba migomba ikishapaliliwa utafunga mizigo uje na watoto. Mwaka jana ningekujibu uje hata kesho. Leo nakuomba usije, na nitakueleza sababu, maana sitaki ufikiri nina mwanamke mwingine huku.

Unajua kwamba jiwe tunalochimba si dhahabu. Linaitwa urani, linapelekwa ng'ambo, na wenye kampuni hawakuwahi kutuambia zaidi ya hapo. Aliyetueleza ni mkaguzi wa migodi wa serikali, Mzee Sefu, mtu wa pwani, mpole, asiyepandisha sauti. Kila alipokuja aliteremka nasi mpaka chini kabisa, na kijimashine chake cha kupimia hewa kifuani. Mimi ndiye niliyemmulikia taa, kwa kuwa kazi yangu ni kuangalia mashine ya upepo, ile inayosukuma hewa safi shimoni. Alisema jiwe hili hutoa hewa mbaya isiyo na rangi wala harufu. Mtu huivuta leo, ikaja kumdai baada ya miaka. Kinga yake ni upepo tu, upepo mwingi.

Safari yake ya mwisho alisimama kwenye handaki la chini, akapima, akapima tena. Tulipopanda juu aliamuru handaki lile lifungwe mpaka ije mashine ya pili. Wakubwa wa kampuni hawakupenda, lakini walitii, likazibwa kwa mbao. Kisha akapita kwenye nyumba mpya za wafanyakazi, zile za kuta za mawe nilizokusifia. Mawe yale yametoka shimoni. Alipima sakafu ya nyumba ya rafiki yangu Bugoma, yule Msubi aliyekuletea asali, halafu akaniita pembeni.

"Una watoto?" akaniuliza.

Nikasema ninao wawili, na wa tatu yuko njiani.

"Basi usiwalete humu. Nikirudi nitaagiza nyumba hizi zibomolewe."

Hakurudi. Vita vilianza, gari lake likachukuliwa na jeshi, na yeye sijui yuko wapi. Mashine ya pili tukaambiwa imekwama njiani, kwa kuwa mabehewa yanabeba askari. Hayo nayaelewa, nduli ameingia nchini mwetu, nani atalalamika? Lakini dizeli ikapungua, na mashine moja tuliyo nayo ikawa inazimwa watu wakiwa chini. Halafu nyapara akaziondoa zile mbao.

Akaja bwana mwingine kutoka mkoani, eti badala ya mkaguzi. Alikunywa chai ofisini na wakubwa, akachungulia mdomo wa shimo, akawa amemaliza. Nilimfuata kabla hajapanda gari, nikamwambia kwa adabu kwamba handaki lilifungwa na serikali, na serikali haijalifungua.

"Ndugu," akasema, "wenzako wanakufa mpakani, Mutukula. Wewe unaogopa hewa?"

Waliokuwa karibu walicheka. Tangu siku hiyo nyapara huniita Mwoga, na mjumbe wa nyumba kumi ameanza kuuliza naandikiana na nani. Ndiyo maana barua hii siipeleki posta, nampa katekista akuletee.

Bugoma anakohoa. Anasema ni vumbi, na huenda ni kweli. Mimi si daktari. Ila mkewe hufagia sakafu ile kila asubuhi, na mtoto wao anatambaa juu yake. Nilipomweleza maneno ya mkaguzi aliniuliza kwa upole nina nyumba gani nyingine ya kumpa. Sikuwa nayo.

Jana tulikubaliana, sisi wa zamu ya asubuhi, kwamba hatutashuka mpaka mashine iwashwe. Leo kengele ilipolia tulisimama mdomoni mwa shimo, hakuna aliyesogea. Nyapara hakufoka. Alituita kwa majina, mmoja mmoja, na kila jina akalifuatisha na majina ya watoto wa mtu huyo. Wa kwanza akaingia, wa pili akamfuata. Bugoma alinitazama, akavaa kofia yake, akashuka. Jina langu lilipoitwa sikwenda. Nikabaki juu peke yangu, kando ya mashine iliyozimwa.

Nimeitwa ofisi ya wilaya Jumatatu. Wapo wanaosema nitafukuzwa tu, na hiyo ni heri. Wengine wanasema anayekataa kazi wakati wa vita hupewa jina baya kuliko mwoga. Nikiachiwa nitakuja nyumbani, hata kwa miguu. Nisipoonekana, usinifuate huku. Mwendee padri wetu, umsomee barua hii yote.

Nisalimie kaka yangu fundi seremala, wifi yako, na jirani yetu mzee anayetulindia mbuzi. Watoto uwashike kichwa kwa ajili yangu.

Mimi mumeo anayekukumbuka,
Baba Devota

Nimeifungua tena bahasha. Zamu imetoka, na Bugoma amekuja kukaa nami mlangoni. Ameniomba kitu kimoja, nami nimekubali bila kukuuliza. Mwanamke aliyesimama na katekista hapo uani, mwenye mtoto mgongoni, ni mke wake. Mkaribishe ndani.